Mgongo wa Mama Adriano: Wasifu wa Marehemu Bertilla Kasonso

Ndugu waombolezaji, mliofika hapa Laela kwa miguu, kwa baiskeli na kwa malori, na ninyi kina mama mliotoka mbali ambao wenyeji hawawajui, aliyelala mbele yenu ni Bertilla Kasonso, mjane wa Leonardi Mwanisawa. Majirani wa Kizwite walimwita Mama Adriano. Makondakta wa njia ya Tunduma walimpa jina lao, Bibi Mgongo. Jina hilo lina habari yake, na bila habari hiyo wasifu huu utakuwa tarehe tupu.

Marehemu alizaliwa Mwazye mwaka 1941. Siku yenyewe haikuandikwa, ila kitabu cha parokia kinaonyesha kuwa alibatizwa Jumamosi Kuu, tarehe 12 Aprili, na mwenyewe alipenda kusema kwamba alipelekwa kanisani akiwa bado na wekundu wa kuzaliwa, ili asiikose Pasaka. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Flavian Kasonso na mkewe Epifania, wakulima wa ulezi na mahindi.

Alipokuwa msichana mdogo, bibi yake alifia ugenini. Baba yake na wajomba walikwenda kumchukua kwa machela, na Bertilla akakimbia kuwapokea njiani. Akamsikia baba yake akizungumza na mzigo. "Mama, hapa tunavuka mto. Mama, sasa tunapanda kilima. Mama, ule moshi unaouona ni wa kwenu."

Bertilla akauliza, "Baba, bibi anasikia?"

"Sijui," baba yake akajibu. "Lakini anayebebwa haioni njia. Ukimnyamazia, atabaki njiani."

Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba yao. Sijui kama nyumba nyingine za Mwazye zilikuwa nayo. Bertilla aliishika maisha yake yote.

Alianza shule ya misheni mwaka 1950 akaishia darasa la nne mwaka 1953. Masista walimfundisha kusoma, kushona na kunyamaza. Hayo mawili ya kwanza aliyashika vizuri.

Tarehe 22 Agosti 1959, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Leonardi Mwanisawa katika kanisa la Mwazye, wakahamia hapa Laela, ambako Leonardi alikuwa mpima mizani katika ghala la mahindi la ushirika. Mungu aliwajalia watoto wanne: Adriano, Wilibrodi, Kornel na Rozina. Adriano, wa kwanza, aliugua surua mwaka 1963 akiwa na miaka mitatu, akafia zahanati. Leonardi alikuwa safarini. Bertilla alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga kama alivyokuja naye, akashika njia ya kurudi nyumbani peke yake.

Njiani alikutana na kina mama waliokuwa wakitoka shambani. Walipiga magoti, wakapiga makofi yale ya polepole, kiganja kwa kiganja, wakamwamkia, wakamwuliza, "Mtoto hajambo?" Akajibu, "Hajambo, amesinzia." Angesema kweli, wangeanza kulia hapo hapo barabarani, wangemtua mtoto chini, na yeye na Adriano wasingefika nyumbani siku ile. Akapita. Walipokuwa mbali, akaendelea kumtajia Adriano njia, mto kwa mto, mpaka mlangoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Toka siku hiyo hakukubali kuitwa Mama Wilibrodi wala Mama Kornel. "Mimi ni Mama Adriano," alisema. "Hao wengine wana midomo yao, watajitaja wenyewe."

Mwaka 1987 Leonardi alihamishiwa ghala la Sumbawanga mjini, familia ikahamia Kizwite. Miaka michache baadaye ununuzi wa mahindi ukaachiwa watu binafsi, na mwaka 1992 ghala lile likafungwa. Leonardi hakuwa na ugonjwa wowote. Alikaa kibarazani tu akitazama malori ya wafanyabiashara yakipita yamejaa magunia, na hakuna aliyemwita aje kusoma mizani. Alilazwa hospitalini mjini Mei 1993 na hakutoka. Akarudishwa Laela, akazikwa upande ule wa kulia wa kaburi hili.

Bertilla alirudi hospitalini baada ya arobaini kuchukua blanketi lililosahauliwa. Akipita wodi ya watoto, akamwona mama mmoja wa Kisukuma amekaa sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe. Aliitwa Mama Bundala. Mumewe alikuwa na ng'ombe upande wa ng'ambo ya Laela. Alikuwa amekaa pale siku kadhaa na kanga moja, hana ndugu mjini wa kumletea chakula, Kiswahili chake cha kubahatisha. Bertilla alijua maneno mawili tu ya Kisukuma, ya kumwamkia mama, aliyoyapata sokoni. Akayatumia yote.

"Mwangaluka, mayu."

Mama Bundala akainua kichwa, akaangua kilio.

Kesho yake Bertilla alirudi na sufuria ya uji wa ulezi. Kesho kutwa alirudi tena. Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi aliyoifanya kwa miaka mitano bila kuajiriwa na mtu. Alipikia watoto na mama zao. Alimshika mtoto ili mama yake akaoge, akanawe machozi, alale kidogo. Alikwenda dukani kutafuta sindano na dripu zilizokuwa hazipo, maana siku hizo mgonjwa alikuja na vifaa vyake kama mtoto wa shule anavyokwenda na daftari. Majirani walisema kufiwa kumemgeuza akili. "Mama Adriano, unafanya kazi isiyo na mshahara?" Naye alijibu, "Na wewe unayekaa kibarazani unalipwa na nani?"

Muuguzi Silvana wa wodi ile, ambaye yupo nasi hapa leo, mwanzoni hakumpenda. Siku moja alimsimamisha mlangoni na sufuria yake.

"Mama, hii ni wodi, siyo mgahawa."

"Nesi, nipe wodi isiyo na njaa, leo hii nafunga mgahawa."

Silvana akacheka, akampisha. Baada ya hapo akawa anamwuliza kwanza yeye, kabla ya daktari, mtoto gani usiku umemwendea vibaya.

Bundala alifariki. Ndipo Bertilla alipokuta jambo ambalo hakulijua. Mabasi ya watu binafsi hayakuchukua maiti, hata ya mtoto mdogo, isipokuwa ukodi gari zima, na mama aliyekuja na kanga moja atakodi gari kwa pesa gani? Kina mama wengine, mtoto akianza kuzidiwa, walitoroka naye wodini akiwa bado anapumua, ili afie nyumbani. Wengine waliwaacha watoto wao wazikwe na manispaa wakarudi mikono mitupu. Mama Bundala alikaa nje ya chumba cha maiti anatikisa kichwa tu. Kwa Kiswahili chake kidogo alirudia neno moja: "Nyumbani. Nyumbani."

Bertilla akasema, "Nipe mimi."

Akamfunga Bundala mgongoni, akamfunika kichwa kwa kitambaa kama mtoto mwenye homa. Akamwagiza Mama Bundala apande kabla yake, akae kiti cha mbele kama mtu asiyemjua, asigeuke na asilie. Maana uso wa mama mzazi hausemi uongo, na abiria wakiuona wanajua. Kondakta alipouliza, Bertilla akajibu lile jibu lake la mwaka 1963: "Amesinzia." Njia nzima alimnong'oneza mtoto. "Bundala, hapa tunatoka mjini. Bundala, hii ni Mpui. Bundala, ule ni mnara wa kanisa la Laela, umekaribia."

Baada ya Bundala walikuja wengine. Hakuwahesabu, na sisi hatutawahesabia. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini yeye aliporudi Kizwite kutoka safari zile, binti yake Rozina alimkuta amelala kifudifudi sakafuni, mgongo wazi, hataki kuguswa mpaka jioni. Jambo moja Rozina alilitambua mapema. Mama yake alipobeba mtoto mzima, alimwimbia, alimtania, alimzungumzia habari za kuku na mbuzi. Njia hakumtajia kamwe. Njia aliwatajia wale tu waliokwisha kufa.

Kondakta mmoja, Yonas, alijua. Kijana mwenye maneno mengi, lakini kwa hili alinyamaza. Bertilla akitokea stendi na mtoto mgongoni, Yonas alimpa kiti cha pembeni, nyuma ya mama mzazi, akawazuia watu wasimbanane. "Mpisheni Bibi Mgongo, mjukuu wake kachoka!" Na wakifika Laela alimshusha kwa mikono miwili.

Ilikuwa hivyo mpaka Februari 1998, mwaka ule wa mvua za El Nino. Gari lilikwama kwenye tope kabla ya Mpui, abiria wakashuka kusukuma, na mwanamke mmoja akashika mguu wa mtoto aliyekuwa mgongoni kwa Bertilla ili amsaidie kupanda tena. Mguu ulikuwa wa baridi. Alipiga yowe, gari zima likageuka vurugu. Bertilla na mama wa mtoto walishushwa palepale kwenye mvua. Mwenye gari alimwita Yonas akamwambia maiti nyingine ikionekana ndani ya basi lake, kazi hana. Yonas alikuwa na mke na watoto. Akaapa hatampandisha tena Bibi Mgongo akiwa na mtoto, kwenda wala kurudi.

Tarehe 6 Aprili mwaka huohuo, Bertilla alikuwa hapa Laela kumwuguza Rozina, aliyekuwa ameolewa huku na amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto mkubwa wa Rozina alikuwa Epifania, miaka mitatu, aliyepewa jina la mama yake Bertilla. Epi alikuwa na homa tangu jana yake. Asubuhi akaanza kutetemeka na macho yakageuka. Mganga wa kituo cha afya akasema mpelekeni mjini sasa hivi. Rozina alikuwa na kichanga kifuani, kwa hiyo Bertilla akamfunga Epi mgongoni. Wakasimama stendi. Basi lililotokea Tunduma likafika, na mlangoni alikuwa Yonas.

"Yonas mwanangu, tupeleke. Mtoto ana homa kali, amesinzia."

Yonas alikitazama kichwa kilichoanguka begani, na miguu inayoning'inia.

"Shikamoo, bibi. Leo hapana."

"Huyu ni mzima. Ni mjukuu wangu, wa Rozina huyu hapa."

"Bibi, kila siku ni mjukuu wako."

"Basi mguse."

"Nimguse? Nikimgusa nitasema nini kwa tajiri?"

Kijana mmoja akatoa kichwa dirishani. "Konda, twende bwana! Hatusafiri na maiti sisi!" Na mwanamke nyuma yake akasema, "Mama yake si huyo analia? Mtu halii bure."

Ni kweli Rozina alikuwa analia. Bertilla akapeleka mkono nyuma, akamfinya Epi paja kwa nguvu ili alie na wote wasikie. Mtoto hakulia. Yonas akapiga bodi la gari mara mbili, basi likaondoka.

Hapakuwa na gari jingine mpaka lori la chumvi na sabuni lilipopita baada ya saa nane mchana. Walipandishwa juu ya mizigo. Epi alikuwa anapumua. Rozina aliweka kiganja mbele ya pua yake akasikia joto la pumzi. Mama yake alimwimbia, akamwambia habari za jogoo wa Kizwite anayemfukuza padri. Lori likakwama, likasukumwa, likakwama tena. Walipoipita Mpui, wimbo ukakatika. Kisha Rozina akamsikia mama yake akisema polepole, "Epi, hiyo ilikuwa Mpui. Epi, hapa tunashuka bondeni. Epi, ile ni mikaratusi."

Walikwenda hivyo mpaka mjini, mmoja anataja njia na mwingine ananyonyesha.

Mlangoni pa wodi Silvana alinyoosha mikono kumpokea mtoto, akaishusha. "Mama Adriano, huyu..."

"Najua, nesi. Nimemleta kwa sababu nilitoka nimesema namleta."

Kesho yake Epi alirudishwa Laela kwa pikapu ya parokia, ndani ya kisanduku cha mbao. Bertilla alikaa pembeni ya sanduku, na kwa mara ya kwanza hakufungua mdomo njia nzima. Sauti haikutoka. Hilo ndilo lililommaliza. Kila alipokumbuka alisema, "Nilimtajia njia ya kwenda. Ya kurudi sikumtajia. Mtoto yuko wapi sasa? Yuko mjini, anaulizia kwao."

Paroko alikuja kumwambia kwamba mtoto mdogo wa Mungu hapotei. Alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha uji, na alipoondoka akasema, "Padri hajawahi kubeba."

Hakurudi tena wodini. Silvana alimfuata Kizwite mara nyingi. Kina mama walituma salamu. Alijibu jambo moja: "Mgongo wangu hauaminiki tena." Sufuria ya uji aliigeuza juu chini nyuma ya nyumba, kuku wakalalia. Watu walipomlaani Yonas mbele yake aliwakataza. "Mwacheni. Nilimfundisha mwenyewe kutoniamini. Miaka mitano nilimwambia wafu ni wazima, siku nilipomwambia mzima ni mzima, angelijuaje?" Watu walidhani ni maneno ya msamaha. Rozina, aliyekuwa akimtazama uso, alijua kwamba mama yake hakuwa anamsamehe mtu. Alikuwa anajihukumu, na hukumu ile haikuwa na rufani.

Tangu Septemba 1998 chakula kikaanza kumkwama kooni. Daktari alisema ni saratani, na kwamba tumpeleke Dar es Salaam. Hatukwenda. Alilazwa tarehe 15 Februari mwaka huu katika wodi ya wanawake, inayotazamana na ile ya watoto. Kila mtoto alipolia ng'ambo alifumbua macho. "Nani huyo analia? Amepewa uji?" Rozina alimjibu amepewa. Siku moja akamwambia, "Usinidanganye, mimi ndiye fundi wa uongo huo."

Siku yake ya mwisho ya kusema vizuri alimshika Rozina mkono. "Ukinirudisha, usininyamazie. Na utaje kwa sauti, Epi naye asikie. Labda atafuata."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa kumi na moja alfajiri, akikaribia umri wa miaka hamsini na minane.

Yonas alifika msibani Kizwite kwa miguu. Alikaa mwisho wa mkeka wa wanaume, kofia magotini. Rozina alipopita na maji ya kunawa, alisema, "Dada, mimi sikujua." Rozina akamwambia, "Hata mama alisema hukujua." Hakuwa na jingine la kumpa, wala yeye hakuomba. Basi lake halikuruhusiwa kumbeba marehemu. Alichofanya ni kusimama barabarani jana asubuhi mpaka akapata lori linalorudi Tunduma tupu, akapanda nalo, na lilipokwama aliingia kwenye tope mpaka magotini akasukuma na wengine.

Rozina alikaa karibu na jeneza, mwanawe mgongoni. Aliona haya mwanzoni, kwa sababu ya wanaume waliokuwepo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika: "Mama, hapa tunatoka Kizwite. Epi, njoo, tunakwenda nyumbani. Mama, hapa ni darajani. Epi, shika kanga ya bibi." Walipofika Mpui sauti ilimkauka, na kina mama wa Kisukuma ambao marehemu aliwabebea watoto, waliodandia lori njiani, wakampokea, Mama Bundala akiwa wa kwanza. Wao waliijua njia ile kwa majina hayohayo. Waliwahi kuyasikia wakiwa kiti cha mbele, bila ruhusa ya kugeuka. "Mayu, hii ni Mpui. Mayu, hapa tulikwama. Mayu, ule ni mnara wa kanisa."

Hapa Laela, Rozina alimaliza mwenyewe. "Mama, ule moshi ni wa kwenu."

Hakuna aliyeitika. Hatujui kama alisikia, wala kama yule mdogo alifuata. Tumefanya tulichoambiwa.

Marehemu ameacha watoto watatu: Wilibrodi, Kornel na Rozina, mkwe wake Timoth, mume wa Rozina, na wakwe wengine, wajukuu saba, na mdogo wake Rahel, aliyeko Mwazye. Ametanguliwa na mumewe Leonardi, mwanawe Adriano, na mjukuu wake Epifania, ambaye kaburi lake dogo liko hapa kushoto, na aliomba awekwe karibu nalo.

Mama Adriano, hapa ndipo. Tua mzigo wako, upumzike. Epi, kama umefika, bibi yako huyu hapa.